Jiwe la Bi Mwajabu la Kusugulia Miguu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya jiwe linalosagwa juu ya kioo. Mwanzoni linanguruma, khrrr, khrrr, kama mtu mwenye makohozi anayekataa kwenda zahanati. Ukiendelea kulizungusha kwenye maji na unga wa kusagia, ngurumo inashuka, inakuwa shuuu, halafu inakuwa ndogo zaidi ya hapo, kama mtoto anayevuta shuka usingizini. Hapo ndipo unapotakiwa kuacha. Ukipitiliza kidogo tu, jiwe limeisha, umebaki na kioo kitupu na aibu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi mliobaki karakanani mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, nami nimekubali kwa furaha, maana kuhusu mawe naweza kuongea mpaka mgeni aage mara mbili. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nitaandika juu ya mawe, na hasa juu ya jiwe moja lililokuwa na mwenyewe.

Nilifika Kihonda nikiwa na darasa la saba, kanga mbili na magaga. Nayataja magaga kwa sababu ndiyo aliyoyaona Mzee Shija siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana, mtu mfupi, mikono imejaa vumbi la mawe mpaka kwenye kucha. Shangazi alikuwa amesikia wanatafuta mtu wa kufagia, akanipeleka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jina?"

"Skolastika."

"Umesoma mpaka wapi, Skolastika?"

"La saba."

"Jina lako limesoma kuliko wewe." Akainamisha macho kwenye miguu yangu. "Wa wapi?"

"Mgeta."

"Aaa, Mluguru! Kumbe mtani wangu. Ndiyo maana visigino vimepasuka kama korongo. Milimani kwenu hakuna jiwe la kusugulia miguu?"

Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuchokoza ukanyamaza, umeshindwa. Nikamwambia, "Yalikuwepo mengi tu. Wanyamwezi walipopita na mizigo yao wakayabeba, wakidhani ni viazi."

Alicheka mpaka akashika meza. Kazi nikaipata hapohapo, bila barua wala picha ya pasipoti. Shangazi alinifinya njiani kwa kumjibu mtu mzima vile, lakini alikuwa anacheka naye.

Miezi ya kwanza nilifagia na kuosha mabeseni. Mawe yalikuja kwenye viroba kutoka kila upande: ya wachimba visima, ya watu wa vito kutoka Mahenge, ya walimu wa vyuo. Mzee Shija alikuwa anayakata kwa msumeno wenye meno ya almasi, anachukua kipande kidogo kama kiberiti, anakilainisha upande mmoja, anakigandisha kwenye kioo chembamba kwa gundi, halafu anakisaga na kukisaga mpaka mwanga unapita. Jiwe, fikirini! Jiwe ambalo ukimrushia mtu atalazwa, linasagwa mpaka unaliona kama dirisha. Wembamba wake haufiki nusu ya unywele. Sisi tuliuita utando, kama ule unaokaa juu ya maziwa ya moto. Ninyi mna majina ya kitabuni, sawa, lakini kwenye karakana yetu ni utando, na naomba neno hilo lisistaafu na mimi.

Nilikuwa mtu wa kuota mchana, bado niko hivyo. Kule Mgeta mama alikuwa ananituma kupalilia njegere, ananikuta nimechuchumaa navunja mawe nione ndani kuna nini. Kwa hiyo siku Mzee Shija aliponiita nichungulie kwenye hadubini, nikaona utando wa jiwe la kawaida kabisa la barabarani ukiwa na rangi za kitenge cha sikukuu, nililia. Akaniuliza kama kuna vumbi limeingia. Nikasema ndiyo.

Alinifundisha kwa masikio kwanza. "Fumba macho, mtani. Sikia. Limeshaiva?" Nikikosea ananichapa mgongo wa mkono kwa kitambaa kilicholowa. Halafu akanifundisha rangi. Kuna jiwe linaitwa kwatzi, jeupe linalong'aa kama chumvi ya mawe, liko karibu kila mahali. Ukilitazama kwenye hadubini yenye vile vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa, utando ukiwa mnene bado, kwatzi inaonekana ya njano kama bizari. Ukiwa sawasawa, inakuwa ya kijivu, kama maji yaliyooshewa mchele. Mpaka leo nikiosha mchele naona kazi.

Halafu zikaja sheria zake mbili, na hizi zishikeni hata mkisahau mengine yote. Ya kwanza: unga wa kusagia ni wa aina tatu, mkubwa, wa kati na laini, na huhami kutoka mmoja kwenda mwingine kabla hujaosha kila kitu mara saba. Kioo, mikono, kucha, meza. Kila unga una beseni lake, taulo lake na kijiko chake. Punje moja ya unga mkubwa ikiingia kwenye laini, ni mchanga kwenye wali wa harusi. Ya pili: mkono uandike nane. "Nane, mtani, nane, nane! Ukisukuma kwenda na kurudi kama unapiga deki, utalichora jiwe mistari iliyonyooka. Na mistari yako wewe wa darasa la saba, wasomi watakuja kuiandikia vitabu."

Tulicheka sana siku ile.

Makosa niliyafanya, tena ya kutosha. Kuna kampuni ya visima ilituletea udongo mgumu kama tofali. Nikauosha vizuri kama nilivyofundishwa, mara saba, na mara ya saba sampuli yote ilikuwa imeyeyuka imeenda kwenye sinki. Wenyewe walipokuja nikawaambia sampuli yao ni safi sana. Tangu hapo mawe yanayoogopa maji tuliyasaga kwa mafuta ya taa, nami nikawa nanuka kama jiko la mchina mpaka ibada ya Jumapili, watu wakiniachia benchi zima peke yangu. Kuna na ulanga wa kwetu Uluguru, lile jiwe linalometameta, unaotoka kurasa kurasa kama daftari lililoloa. Huo nilihangaika nao mwaka mzima kabla haujanikubali.

Mzee Shija alistaafu akarudi Tabora. Aliniachia kalamu yake yenye ncha ya almasi, ya kuandikia namba kwenye vioo, na taulo lake la unga laini. Pale getini akaniambia, "Sasa mtani, karakana ni yako. Usiile." Nikamwambia awahi, kutembea mpaka Tabora si mchezo. Tukaachana tunacheka, nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti chake nisijue mikono niiweke wapi.

Miaka mingi baadaye ndipo akaja Dokta Tesha.

Dokta Tesha ni mwanajiolojia, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kupoteza miwani iliyo kichwani kwake. Alikuja na viroba sita na ramani moja aliyoikunja mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kwenye ramani kulikuwa na vilima vidogo vimejipanga duara, mbele huko ukipita Dumila ukaingia porini. Akaweka kidole katikati.

"Skola, hapa nadhani kiliwahi kuanguka kimondo."

"Kama kile cha Mbozi?"

"Kile cha Mbozi kipo, unaweza kukigusa. Hiki kilikuwa kikubwa mno, kwa hiyo hakikubaki. Kikubwa namna hiyo kikipiga ardhi, chenyewe kinageuka moshi. Kinaacha shimo tu."

Nikatazama ramani. "Shimo liko wapi? Hapa naona vilima."

"Ndiyo taabu yangu. Ni zamani mno. Mvua na upepo vimekula kingo, vimekula sakafu, vimeshuka mpaka chini ya sakafu. Tulichobaki nacho ni mizizi ya shimo."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Kama chungu cha moto ukikiweka kwenye mkeka. Chungu kinaondoka, doa la kuungua linabaki."

Akanitazama. Akatafuta miwani aandike, nikamwonyesha kichwani.

Alikuwa amelifuata doa lile miaka kumi na moja. Wenzake walimwambia duara ni duara tu, hata volkano za zamani zinaacha duara. Ili wamwamini alitakiwa kuleta ushahidi usiobishika, na ushahidi mkubwa unakaa ndani ya punje za kwatzi. Kishindo cha kimondo kinaipiga punje kwa nguvu ambazo hakuna kitu kingine cha asili ardhini kinazo, hata volkano, na punje inabaki na mistari ndani yake, iliyonyooka, iliyokaribiana, kama kurasa za kitabu ukizitazama pembeni. Mistari hiyo haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye utando. Yaani inaonekana kwenye kazi yangu.

Viroba vyote sita nikavisaga. Hakuna kitu. Mawe ya juu yalikuwa yamechoka, yameoza kwa jua na mvua, ukiyagusa yanabomoka kama keki ya juzi. Dokta akasema tunahitaji jiwe la kutoka chini, bichi. Nikamwomba nami niende. Sikuwahi kuona mawe yakiwa kwao, niliyaona yakija kwenye viroba tu.

Nilienda, na sitasahau. Alinionyesha mwamba uliovunjwavunjwa halafu ukagandishwa upya, vipande vyenye ncha vimeshikana ndani ya uji mgumu. Kashata ya karanga kabisa. Nikamwambia hivyo, akasema afadhali ungekuwa unaandika wewe. Tulitembea mpaka jua la saa tisa, tukaomba maji kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi uwanjani. Ndiye Bi Mwajabu. Mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

Dokta akaomba na mahali pa kujisaidia. Bi Mwajabu akamwonyesha kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, ambamo pia ndimo anamoogea. Dokta akaingia. Kidogo tukasikia kelele.

"Skola! Skola, njoo!"

Bi Mwajabu akaacha kupepeta. "Huyo bosi wako ameng'atwa na nini?"

Dokta akatoka mbio, ameshika jiwe kwa mikono miwili. Lilikuwa limelowa, la rangi ya majivu, kubwa kama ngumi mbili, lenye umbo la pia ya kuchezea watoto. Kutoka kwenye ncha yake mistari ilikuwa inashuka na kutawanyika, kama ufagio wa chelewa uliofungwa juu. Baadaye alinieleza kwamba mwamba uliopigwa na kimondo mara nyingi hupasuka kwa umbo hilo.

"Mama," akasema, "hili umelitoa wapi?"

Bi Mwajabu akamtazama juu mpaka chini. "Baba, hilo ni jiwe langu la kusugulia miguu."

"Najua, lakini umelitoa wapi?"

"Lilitoka kwenye kisima, wakati mume wangu anachimba, Mungu amrehemu. Chini kabisa. Likanifaa. Ile mistari yake inakamata magaga vizuri, hakuna jiwe la dukani linaloliweza."

Dokta akaenda kuchungulia kisima. Kilikuwa kimejengewa zege kutoka juu mpaka kwenye maji. Akarudi polepole. Nilimwona usoni: jiwe bichi la kutoka chini lilikuwa hilo moja tu.

"Naomba uniazime, mama."

"Dokta mzima, umesoma mpaka nywele zimekimbia, unaazima jiwe la visigino?" Akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye mwanamke hapa, nasema na wewe. Jiwe hili marehemu alilitoa kwa mkono wake akanipa, akasema hii ni zawadi ya kisima. Mkimaliza nalitaka. Utalirudisha?"

"Nitalirudisha, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Tuliporudi Kihonda tulikubaliana na Dokta: tulikate katikati. Nusu yenye ncha ni ya Bi Mwajabu, isiguswe. Nusu ya chini ndiyo ya utando. Nilipolipitisha kwenye msumeno nilisikia vibaya moyoni, nikaliambia pole. Msicheke.

Utando wa kwanza niliutengeneza Dokta akiwa amesimama nyuma yangu, anapumua kwenye kisogo. Nilipoumaliza akauweka kwenye hadubini. Akausogeza huku na huku. Halafu akapiga meza kwa kiganja.

"Ipo! Skola, mistari ipo!"

Nikachungulia. Kweli, mistari iliyonyooka, iliyopangana. Tukashikana mikono tukarukaruka kama watoto wa chekechea. Siku ileile akapiga picha, akaanza kuwaandikia barua pepe watu wa nchi tatu, akiwaalika waje. Mimi nilienda nyumbani nikitembea juu ya ardhi kidogo. Nilijiona kwenye doa lile la duara, nimesimama katikati, nimevaa gauni la bluu, nawaeleza watu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha beseni la unga laini. Nikapitisha kidole chini, na kidole kikakutana na kitu kinachokwaruza.

Nilikitoa nikakipeleka kwenye mwanga. Punje ya unga mkubwa. Nikatafuta, nikapata nyingine tatu. Nikasimama pale maji yanamwagika, nikajaribu kukumbuka jana. Je, niliosha mara saba? Nilikumbuka mara nne, kisha Dokta aliniuliza kitu nikajibu. Je, niliandika nane? Hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa naimba. Nilikuwa naimba kimoyomoyo wimbo wa kwaya yetu, na mkono ulikuwa unafuata wimbo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama napiga deki.

Nilikuwa nimefanya kazi ile zaidi ya miaka ishirini.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kusema. Siku ile sikusema. Nilijiambia huenda mistari ni ya kimondo kweli. Nilijiambia miaka kumi na moja ya mtu haivunjwi na punje nne. Lakini nilijua pia wageni wakija watachungulia, na aliyesoma atajua, na Dokta Tesha atachekwa mbele ya watu kwa mikwaruzo ya mkono wangu. Tena kama ni uongo, jiwe la mjane nimelikata kwa uongo. Asubuhi iliyofuata nilimngoja mlangoni.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, marahaba! Wa kwanza amejibu, anakuja!"

"Dokta, ile mistari huenda ni yangu."

"Ni yako, ndiyo! Ni yetu wote."

"Hapana, Dokta. Ni yangu. Nimeikwaruza mimi."

Nikamwonyesha zile punje nne kwenye kisahani. Nikamweleza na wimbo. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Halafu akauliza, "Umelijua lini hili?"

"Jana asubuhi."

"Na jana nzima umeniacha niandike barua."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepona haraka zaidi. Akaenda kwenye hadubini akauweka ule utando tena, akaanza kuusogeza polepole, safari hii bila furaha, akitafuta ubaya. Kisha akaniita.

"Tazama hapa. Huu mstari umetoka kwenye punje hii ya kwatzi, ukavuka mpaka, ukaingia kwenye ile nyingine, ukaendelea bila kupinda."

Nikauona. Na hapo hapo nikauelewa, kwa sababu mama yangu alikuwa anashona mashuka ya viraka. Ukichukua mkaa ukachora juu ya viraka, mstari wa mkaa unavuka mshono, haujali. Lakini milia ya kitambaa chenyewe inaishia kwenye mshono, na kila kiraka kina milia yake inayoelekea kwake.

"Huo ni mkaa," nikasema.

"Nini?"

Nikamweleza habari ya viraka. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndivyo ilivyo hasa," akasema. "Sasa hapa mkaa umejaa. Kama kuna milia chini yake, siwezi kuapa." Akavua miwani. "Jiwe limebaki kiasi gani?"

"Nusu yetu ina kwatzi ya kutosha tando mbili, labda tatu. Ile nusu nyingine ni ya Bi Mwajabu."

"Ni ya Bi Mwajabu," akakubali. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Nilimwomba atoke. Nilimwomba kila mtu atoke. Nikaosha karakana nzima, siyo mara saba, sikuhesabu. Nilimwaga unga laini wote wa kopo lile, nikafungua mpya. Nikatoa taulo la Mzee Shija, ambalo nilikuwa nalitunza kama kitambaa cha altare. Nikasaga kwa mkono, bila mashine, bila wimbo. Nane, nane, nane. Nikafumba macho. Khrrr. Nikaosha, nikabadilisha unga. Shuuu. Nikaosha tena kila kitu, kucha kwa mswaki. Halafu ile sauti ya tatu, ya shuka. Nikaacha.

Nikamwita Dokta. Akaja na mikono nyuma, kama mtu anayeingia wodini.

"Tazama wewe kwanza," akasema.

"Mimi?"

"Kama ni mkaa, wewe ndiye utakayeujua."

Nikainama. Kwatzi ilikuwa ya kijivu, maji ya mchele. Nikasogeza. Punje ya kwanza haina kitu. Ya pili haina kitu. Ya tatu ilikuwa na mistari, mingi, imebanana, imenyooka. Nikaifuata mpaka ukingoni mwa punje. Ikaishia hapo. Punje ya jirani nayo ilikuwa na mistari, lakini imelalia upande mwingine kabisa. Ya jirani yake, seti mbili zimepishana kama wavu. Na zote ziliishia kwenye mshono.

"Shusha lenzi kidogo," Dokta akasema kwa sauti ndogo. "Mkwaruzo uko juu tu. Ukishusha unapotea."

Nikashusha. Mistari haikupotea. Ilikuwa ndani, ndani ya jiwe lenyewe.

"Ni milia," nikasema. "Dokta, ni milia. Siyo yangu."

Hatukuruka safari hii. Alichungulia, akatoa miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akaenda kuandika barua nyingine kwa nchi zilezile tatu, kwamba picha za mwanzo zifutwe, zilikuwa na mikwaruzo, na mpya hizi hapa. Jina langu hakulitaja kwenye mikwaruzo. Alilitaja kwenye zile mpya.

Wageni walikuja. Walikuwa na mashaka, na ndivyo inavyotakiwa. Walichukua tando zetu wakatengeneza na za kwao kutoka kwenye mabaki ya nusu yetu, wakaenda porini wakatafuta zaidi. Ilichukua miaka minne. Sasa wanakubali ni kimondo. Bado wanabishana shimo lilikuwa na upana gani na ni la lini, na naona wanafurahia kubishana. Kwenye andiko la Dokta jina langu limo, mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika Skolostika. Nimelipiga picha. Nimelibandika sebuleni. Mtu akija kwangu hamalizi soda kabla hajaonyeshwa.

Nilimpigia simu Mzee Shija Tabora. Nilimweleza yote, na mikwaruzo pia. Akasema, "Si nilikuambia, mtani? Wasomi wangeiandikia kitabu." Halafu, baada ya kikohozi kirefu: "Lakini uliikataa. Hapo umekuwa fundi." Nilikata simu haraka, kuna vumbi liliingia.

Nusu ya Bi Mwajabu ilikaa rafuni kwetu miaka yote hiyo kwa sababu wageni walitaka iwepo mpaka wamalize. Niliifunga kwenye kanga, nikaandika juu ya kikaratasi: LA BI MWAJABU. LISIKATWE. Mmoja wenu alikaribia kuliweka kwenye msumeno, anajijua, na alisikia sauti yangu mpaka stendi. Siku yangu ya mwisho kazini, baada ya keki na hotuba, Dokta Tesha alilitoa rafuni mwenyewe akaniwekea mkononi.

Juma lililofuata nikapanda basi mpaka Dumila, nikachukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikatembea. Vilima vilikuwa palepale, duara lake lile lile, na mimi sasa nilijua nimesimama ndani ya nini. Nilipiga hodi. Kimya. Ng'ambo ya shamba mtu akaniambia Bi Mwajabu yuko mnadani, ni mzima wa afya, atarudi jioni, sauti yake nitaisikia kabla yake.

Basi la kurudi lisingeningoja. Nikazunguka nyuma, nikaingia kwenye kibanda cha makuti. Pale alipozoea kuliweka jiwe kulikuwa na kipande cha tofali, kimelika upande mmoja. Nikakiondoa nikakiweka pembeni. Nikalifungua jiwe kutoka kwenye kanga, nikalisimamisha, ule uso niliokata kwa msumeno ukiwa chini usionekane, ncha juu, ufagio wake wote unashuka.

Nilikuwa nimeshaanza kutoka. Nikarudi. Nikavua kiatu cha kulia, nikachota maji kwenye kopo lake, nikasugua kisigino changu cha Mgeta, polepole, nikisikiliza. Kisha nikalisuuza jiwe, nikalirudisha mahali pake.